Siku Banda Liliponuka Mkate

Nilipanda ngazi saa moja asubuhi, nikafungua mfuniko wa tangi la maji, nikakuta povu limejaa hadi ukingoni.

Povu zito, rangi ya maziwa, viputo vinapasuka kimoja kimoja kwa mlio mdogo kama mtu anayenong'ona. Harufu ilikuwa ya unga wa mkate uliolala usiku kucha ukisubiri kuokwa. Chini, kuku karibu mia tano walikuwa wanagonga nipo, vile vichuchu vya bomba wanavyonywea maji, kwa midomo, ta-ta-ta-ta, na maji hayatoki.

Jana yake jioni nilikuwa nimemwaga humo pakiti mbili za hamira na vikombe viwili vya sukari. Mfugaji mwenzangu aliniambia hamira "inamkuza kuku na inampoza joto", nami sikumuuliza inafanyaje kazi hiyo. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimezika kuku kumi na moja kwa siku mbili za jua kali. Mtu akishazika kuku kumi na moja wa siku 33, wanene, waliobakiza siku chache tu kuuzwa, hana subira ya maswali ya kitaalamu. Anaambiwa hamira, anaweka hamira.

Nilishinda siku ile nafungua mabomba. Ndani yake kulikuwa na utelezi kama njia ya konokono. Nikamwaga tangi zima, nikasukuma maji safi, nikachokoa nipo moja moja kwa sindano. Matandazo yaliyokuwa chini ya mabomba yalilowa chapachapa, na matandazo yakishalowa kila mfugaji anajua kinachofuata: magonjwa.

Ungedhani baada ya hapo ningeachana na habari za chachu.

## Swali la simu

Kundi lililofuata nilinunua kitu chenye sura ya heshima zaidi: mfuko wa kilo moja, una picha ya kuku mweupe mnene, umeandikwa kwa herufi kubwa "chachu kwa kuku wa nyama". Unachanganywa kwenye chakula, siyo kwenye maji. Kundi lile lilifika siku ya 35 vizuri kuliko kundi lolote nililowahi kufuga. Vifo vichache, kinyesi kikavu, kuku wametulia.

Nikaanza kuhubiri.

Kila aliyenipigia kuuliza habari za joto nilimjibu kwa neno moja: hamira. Najua watu wanne walioweka kwa sababu ya maneno yangu. Huenda ni zaidi. Mmoja wao, dada mwenye kuku mia tatu hivi, alinipigia siku moja jioni, sauti yake ya upole kabisa.

"Kaka, shikamoo. Niliweka hamira kama ulivyosema. Kwenye chakula, maana ulinionya habari ya povu. Leo siku ya thelathini na sioni tofauti yoyote. Hivi wewe, kundi lile, ulibadilisha nini kingine?"

Nikamjibu bila kufikiri: hakuna.

Tukaagana. Nikabaki na simu mkononi.

Mapazia. Nilikuwa nimeweka mapazia mapya yanayoshuka hadi chini, ya zamani yalikuwa yanaishia katikati. Feni mbili nilizifunga wiki ya tatu. Idadi nayo nilipunguza, kutoka kuku mia tano hadi mia nne katika banda lilelile, yaani kutoka karibu 12 kwa mita ya mraba hadi 9 na kitu. Vyombo vya chakula nilianza kuvinyanyua kabla jua halijawa kali, kwa kuwa kuku anayesaga chakula anajizalishia joto juu ya joto. Na msimu wenyewe ulikuwa umegeuka. Siku za jua lile la kuua zilikuwa zimepita.

Mambo matano yalikuwa yamebadilika. Sifa zote nikaupa mfuko.

Swali lile lilinikaa wiki nyingi. Nilikuwa nikiamka nalo. Lililonisumbua zaidi ni jinsi nilivyosema "hakuna" kwa haraka na kwa uhakika, tena bila nia ya kudanganya. Niliamini.

## Neno moja, vitu vinne

Kosa la pili nililigundua usiku, nikiwa na tochi ya simu, nasoma mgongo wa ule mfuko kwa mara ya kwanza tangu niununue. Kwa herufi ndogo sana: kuta za seli za Saccharomyces cerevisiae.

Saccharomyces cerevisiae ni kiumbe yuleyule anayeumua mkate na kuchachusha bia. Kwa hiyo kwa jina sikukosea. Lakini mimi nilikuwa nimewaambia watu waweke hamira, na kwenye mfuko wangu hamkuwa na hamira. Mlikuwa na maganda.

Tofauti hiyo si ndogo. Chembe ya chachu iliyo hai ni kiumbe mwenye mahitaji yake. Inapenda joto la digrii 30 hivi. Ikifika digrii 55 au 60 inakufa, na chakula cha vidonge kinapotengenezwa kiwandani hupitishwa kwenye mvuke wa digrii 70 hadi 90. Ndiyo maana wanaouza chachu hai kwa ajili ya vidonge hulazimika kuikinga kwa namna fulani, au kuinyunyiza baada ya vidonge kupoa. Ikifika tumboni mwa kuku, mwenye joto la digrii 41 na zaidi, haijengi makazi. Inapita kama abiria. Leo ukisahau kumpa, kesho kutwa imekwisha.

Kuna chachu iliyokufa nzima nzima, kwa mfano masalia yanayobaki viwanda vya bia vinapomaliza kazi yake. Hiyo ni chakula hasa: protini kiasi cha asilimia 40 hadi 50, vitamini za kundi B kwa wingi. Wanaoitumia wanaitumia kwa vipimo vya chakula, siyo kwa vijiko.

Kuna chachu iliyokaushwa pamoja na uji wake, ule mchanganyiko iliokuwa inakulia. Hapo hesabu haiko kwenye chembe, iko kwenye vile ilivyovitema wakati inachacha: asidi, vipande vya protini, vitamini.

Halafu kuna maganda. Chachu inauawa taratibu, vimeng'enya vyake vyenyewe vinaimeng'enya kwa ndani, utomvu unachujwa na kupelekwa kwa watengeneza viungo vya kuongeza ladha ya chakula cha binadamu, na kinachobaki ni ukuta. Huo ukuta ndio niliokuwa nao mimi. Ukifikiri vizuri, nilinunua makapi ya kiwanda cha supu, nikayasifia kama dawa.

Lakini makapi yale yana kazi, na hapa lazima niyatetee.

Tabaka la nje la ukuta limejaa sukari iitwayo manosi, imeungana kwa minyororo. Kwenye lebo utakuta mananoligosakaridi, neno la kusoma ukiwa umekaa. Bakteria kama E. coli na Salmonella wengi wana vinywele vyenye ncha zinazonasa manosi, na seli za utumbo wa kuku nazo zina sukari ya namna hiyo juu yake. Ndivyo wanavyojishikiza. Ukimwaga maganda ya chachu katikati ya njia, sehemu ya bakteria hao wananasa ganda badala ya utumbo, wanasafiri nalo hadi nje. Ni kama kumwekea mwizi kitasa ambacho nyuma yake hakuna nyumba.

Sehemu ya bakteria, nimesema. Wako wenye vinywele vya aina nyingine wasioshughulika na manosi kabisa. Na koksidia, vimelea vya utumbo vinavyoleta ugonjwa wa koksidiosisi, havipiti kwenye mlango huu, kwa hiyo anayekuuzia chachu kama kinga ya koksidiosisi muulize vizuri.

Tabaka la ndani ni beta-glukani. Kuta za kuvu zimejengwa nayo, na askari wa mwili, makrofaji na wenzao, wana uwezo wa kuitambua. Wakiiona wanainuka. Hapo wauzaji husema "inaongeza kinga" na wanaishia hapo. Hawasemi kwamba askari aliyeinuka anakula. Chakula anachokula kilikuwa kiende kwenye kidari. Kwenye banda lenye mashambulizi, unalipa kwa moyo mweupe. Kwenye banda safi, tulivu, umeajiri walinzi wa kulinda uwanja mtupu.

Na kwa vile nimeshaanza kusema: ule msemo wa "inanasa sumu za ukungu zote" nao una mipaka. Ukuta wa chachu unaishika zearalenoni vizuri zaidi kuliko aflatoksini. Kwa aflatoksini, udongo wa bentonaiti una sifa kubwa zaidi.

## Saa tisa alasiri

Mwenzangu alisema hamira inampoza kuku joto. Nilitaka kujua neno hilo lilitoka wapi, nikaishia kujifunza kuku anakufaje kwa joto. Nilikuwa nimewazika bila kujua.

Kuku hana tezi za jasho. Amevikwa manyoya mwili mzima. Anachoweza kufanya ni kuyaachanisha mabawa, kuachama mdomo na kutweta. Kuku aliyetulia anavuta pumzi kama mara 25 kwa dakika. Anayetweta anapita 150. Nimejaribu kuhesabu kwa macho, nikapotea kabla nusu dakika haijaisha.

Kila pumzi inatoa unyevu, na unyevu unaondoka na joto. Lakini inaondoka pia na kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikipungua mno, damu inageuka kuwa na ualkali, na madini kama potasiamu yanaanza kumwagika na mkojo. Kuku anakunywa, anahara maji, anakunywa tena. Ndiyo maana watu huweka chumvichumvi na magadi ya kuokea kwenye maji wakati wa joto, na wanafanya jambo la maana.

Kisha moyo unasukuma damu kwa wingi kwenda kwenye ngozi, upanga wa kichwani na miguu ili ikapoe. Damu hiyo lazima ipunguzwe mahali.

Inapunguzwa kwenye utumbo.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Utumbo wa kuku kwa ndani umeota vijinywele vidogo, vimesimama kama zulia, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Seli zake zimebanana sako kwa bako kusudi kilicho tumboni kisivuje kwenda kwenye damu. Zikikosa damu na oksijeni kwa saa kadhaa, zulia linapungua urefu na mibano inalegea. Vipande vya bakteria vinapenya. Mwili unaona mashambulizi ndani kwa ndani, wakati huohuo tezi za juu ya figo zinamwaga kortikosteroni, homoni inayovunja misuli ipate nguvu ya haraka na kuilaza kinga. Kwenye damu, chembe nyeupe ziitwazo heterofili zinazidi limfosaiti. Uwiano wa hizo mbili ndio wataalamu wamekuwa wakiutumia kupima msongo wa kuku tangu Gross na Siegel walipouandikia mwaka 1983.

Kwa hiyo yule kuku anayepona joto la saa tisa hajapona. Jioni anakula, lakini zulia lake limekatwa.

Hapo ndipo chachu inapopata nafasi yake, na ni nafasi tofauti kabisa na ile niliyokuwa naihubiri. Haipozi chochote. Joto la mwili linabaki lilelile. Katika majaribio ambamo chachu au kuta zake zilisaidia kuku waliowekwa kwenye joto, msaada ulionekana kwenye utumbo: vijinywele virefu zaidi, uvujaji mdogo, wakati mwingine kortikosteroni na ule uwiano wa chembe nyeupe kushuka. Mengine hayakuona kitu. Tofauti ya aina ya chachu, kipimo, umri wa kuku, ukali wa joto, usafi wa banda. Kila jaribio na lake.

Usafi wa banda. Neno hilo liliendelea kujirudia.

## Mabaki ya mtungi

Kuna hadithi ya zamani inayonichekesha kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad, waliokuwa maabara ya Lederle huko Marekani, walikuwa wanatafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa vifaranga. Wakawalisha mabaki ya mtungi uliochachushiwa vijidudu vinavyotengeneza antibayotiki ya klorotetrasaiklini. Vifaranga wakakua kuliko B12 ilivyoweza kueleza. Siri ilikuwa ni chembechembe za antibayotiki zilizobaki kwenye makapi.

Dunia nzima ikaanza kuchanganya antibayotiki kwenye chakula cha kuku. Kisha bakteria wakazoea dawa, hofu ikahamia kwa binadamu, Uswidi ikakataza mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango rasmi tarehe 1 Januari 2006. Pengo lilipobaki wazi, ndipo mifuko yenye picha za kuku wanene ilipojaa: chachu, asidi, mafuta ya mimea, bakteria wazuri. Makapi ya mtungi mmoja yakapokewa na makapi ya mtungi mwingine.

Ila kuna jambo lililoonekana tangu miaka ya 1950 kuhusu zile antibayotiki: kwenye mabanda mapya na masafi, hazikukuza kuku kwa kiasi kikubwa. Ukuzaji wake ulikuwa zaidi ni kuondoa kitu kilichokuwa kinamzuia kuku. Hakuna kinachozuia, hakuna cha kuondoa.

Nikamkumbuka yule dada. Bandani kwake sijawahi kuingia. Nilimpa jibu bila kujua kuku wake wanazuiwa na nini.

## Wavu katikati ya banda

Niliamua kufanya kile nilichopaswa kufanya mwanzoni. Nikapasua banda katikati kwa wavu: kuku mia mbili huku, mia mbili kule, vifaranga wa siku moja kutoka kwenye maboksi yaleyale, chakula cha magunia yaleyale. Upande wa mlangoni wanapata kuta za chachu. Upande wa pili hawapati.

Kazi ya kwanza iliyonishinda ilikuwa kuchanganya. Lebo inasema kilo moja kwa tani, maana yake gramu 50 kwa gunia la kilo 50. Gramu 50 zinajaa kiganja tu. Je, kundi lililopita nilichanganyaje? Nilimwaga juu ya gunia nikageuza kwa koleo mara tatu nne. Safari hii nilisaga gramu 50 za mkaa, nikazichanganya kwenye chakula kwa njia ileile ya koleo, nione. Nilichokiona kilikuwa mistari myeusi hapa, weupe mtupu pale, na chungu nzima ya mkaa imekaa chini kabisa kwenye turubai. Kuku mmoja angekula dozi ya wiki, mwenzake asingeonja.

Kwa hiyo: gramu 50 kwenye kilo moja, kwa mikono, hadi huoni kitu. Kilo hiyo kwenye kilo kumi. Kumi kwenye hamsini. Rangi ya mkaa ikawa kijivu kimoja cha sawasawa. Ndipo nikarudia kwa chachu.

Kazi ya pili ilikuwa kupima. Nilipoanza nilikuwa nakamata yeyote aliye karibu, nikagundua anayekuwa karibu ni yule mzito asiyetaka kukimbia. Basi nikawa nawabana kwa ubao kwenye kona, kiasi cha thelathini, na nawapima wote waliobanwa bila kuchagua. Ukifanya hivyo kwenye banda lenye majogoo na matetea pamoja, unaona mambo. Upande uleule, umri uleule, huyu kilo 1.7, huyu kilo 2.4.

Siku ya 35 upande wa chachu ulikuwa mbele kwa gramu 40. Vifo vitano upande wa chachu, tisa upande wa pili.

Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa heshima yake. Nikaanza kumwandikia yule dada ujumbe. Nikasita.

Vifo kumi na vinne jumla. Kama chachu haina kazi yoyote, kila kifo kina nafasi sawa ya kuangukia upande huu au ule, kama sarafu. Nikachukua sarafu, nikarusha mara kumi na nne mezani. Nane kwa sita. Nikarudia: kumi kwa nne. Nikapiga hesabu yenyewe: sarafu isiyo na hila, ukiirusha mara 14, itakupa mgawanyo wa tisa kwa tano au ulioachana zaidi ya hapo karibu mara 4 katika kila mizunguko 10.

Na gramu 40? Kuku wangu wanatofautiana kwa kiasi cha gramu 200 juu au chini ya wastani. Ukiwapima thelathini thelathini, wastani wa pande mbili unaweza kupishana gramu 50 kwa bahati peke yake na usishangae.

Nikafuta ujumbe.

(Kiasi cha chakula walichokula sikiandiki hapa. Kuku wa pande zote mbili walikuwa wanaparura chakula kinapita chini ya wavu, na uwiano wa chakula na nyama niliouandika kwenye daftari hauna thamani ya wino wake.)

## Ukuta wa magharibi

Kundi lililofuata nilifanya jambo moja tu jipya: nilibadilisha pande. Chachu ikahamia ndani, upande wa ukuta wa magharibi. Wasiopata wakakaa mlangoni.

Wasiopata wakashinda kwa gramu 15.

Nilikaa na daftari. Kama kukaa mlangoni kuna faida yake na chachu ina faida yake, basi mara ya kwanza nilizipima zikiwa zimejumlishwa: arobaini. Mara ya pili nilizipima zikivutana: chachu ikitolewa mlango, kasoro kumi na tano. Hesabu ya darasa la saba. Chachu inapata gramu 12 na nusu. Mlango unapata 27 na nusu.

Namba ndogo, zimetoka kwa kuku wachache, na makundi mawili hayakupata hali ya hewa ileile. Nisingemuuzia mtu kitu kwa namba hizo. Lakini zilinifanya nifanye jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka yote ya kufuga. Niliingia bandani saa tisa alasiri na kiti, nikakiweka karibu na ukuta wa magharibi, nikakaa nusu saa.

Ukuta ule unapigwa na jua tangu saa nane. Nilipoegemeza mgongo niliuondoa haraka. Hewa ya feni ilikuwa inaishia mita tatu kabla ya kunifikia; niliona kwa utando wa buibui darini, mmoja unacheza, mwingine umetulia tuli. Kuku waliokuwa miguuni pangu walikuwa wameachama midomo, shingo zimenyooka. Wa mlangoni walikuwa wanakula.

Makundi yote yaliyopita, nusu ya kuku wangu walikuwa wanaishi kwenye banda jingine nisilolijua, ndani ya banda langu mwenyewe.

Nilihamisha feni moja siku ileile. Ukuta nikaujengea kivuli cha matete kwa nje. Chachu sijaiacha, nimebaki nayo kwa wiki ya kwanza ya maisha ya kifaranga, utumbo unapokuwa bado unajengeka, na kwa siku za jua kali. Katikati napumzika. Sina ushahidi kwamba mpango huu ni bora kuliko mwingine. Ni kiasi ambacho dhamiri yangu inakubali kukilipia.

## Kumpigia

Nilimpigia yule dada nikamweleza yote, hata aibu ya "hakuna". Alicheka sana kwenye habari ya mkaa. Kisha akauliza anachokiuliza kila mtu.

"Sasa kaka, ninunue ule mfuko wa maganda au nisinunue?"

"Saa ngapi sasa hivi?"

"Saa nane na dakika arobaini."

"Nenda bandani. Usiingie kwa kishindo, simama tu mlangoni. Niambie wangapi wameachama midomo, na wamekaa wapi."

Akasema nisubiri. Nikasikia ndala, kisha komeo la mlango, kisha ile sauti ya mamia ya kuku wanaotweta kwa pamoja, kama mvua iliyo mbali. Alinyamaza kwa muda mrefu kidogo.

"Kaka," akasema, sauti ameishusha, "huku upande wa kushoto hakuna kuku hata mmoja."